Chumba cha Wasimamizi na Haki ya Aliyeanguka



Tarehe 31 Oktoba 2016, katika uwanja wa Kempton Park ulio pembezoni mwa London, farasi wanne walianguka kwenye kona katika mbio za maili moja. Mmoja wa waliokuwa juu yao, Freddy Tylicki, kijana wa miaka 30, alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Siku hiyo hiyo wasimamizi wa mbio waliketi, wakatazama picha, wakatoa uamuzi: kilichotokea ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Miaka mitano baadaye, Desemba 2021, Mahakama Kuu ya London ilitazama picha za mbio zile zile na kuamua kinyume. Hakimu Karen Walden-Smith alisema kwamba mpanda farasi Graham Gibbons aliendesha kwa namna ya kutojali usalama wa mwenzake, na kwamba ana wajibu wa kumlipa fidia.

Nataka tuzungumze juu ya pengo lililo kati ya maamuzi hayo mawili. Tukio ni moja na ushahidi wa picha ni mmoja, lakini mahitimisho ni mawili yasiyokaa pamoja. Naamini pengo hilo lina sababu, na sababu yenyewe imo ndani ya kile chumba kidogo ambamo wapanda farasi huitwa kujieleza mbio zinapokwisha.

Wengi wenu hamjawahi kukaa karibu na farasi wa mbio, kwa hiyo niruhusuni nianze na mnyama. Ana uzito wa kilo 500 hivi, na akiachiwa huenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Aliye mgongoni ana kilo hamsini na kitu. Hakai kwenye tandiko kama askari wa gwaride, bali husimama kwa ncha za miguu kwenye rikabu, mgongo umelala sambamba na shingo ya mnyama, hatamu mkononi. Kundi la farasi kumi au kumi na tano linapoingia kwenye kona, kila mmoja anautaka ukingo wa ndani kwa sababu ndiyo njia fupi. Nafasi huzibwa na kufunguka kwa kupepesa jicho. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwato za mbele za farasi anayefuata zikigongana na kwato za nyuma za aliyetangulia, anayekwenda chini ni yule wa nyuma. Aliyemkatia njia huendelea na safari yake, na mara nyingine hashituki hata kidogo.

Nawaomba mkumbuke jambo hilo, kwa kuwa hoja yangu yote inalitegemea. Katika michezo mingi anayekosea huumia yeye, au hupoteza yeye. Bondia akishusha mikono atapigwa yeye. Kwenye mbio za farasi mzembe hubaki juu, na gharama inalipwa na mtu mwingine aliye nyuma yake, ambaye huenda hakufanya kosa lolote zaidi ya kuamini kwamba nafasi aliyoiona itabaki wazi. Dereva wa daladala anayechomekea kwenye foleni hufanya hivyo akiamini kuwa mwenzake atafunga breki. Mpanda farasi anayekata kuelekea ndani kabla hajapita vizuri hutegemea vivyo hivyo kwamba wa nyuma atavuta hatamu. Lakini kilo 500 zilizo katika mwendo ule hazisimami kwa kuvutwa.

Ndiyo maana nchi zenye mbio kubwa zina kanuni kali juu ya kukatiana njia. Waaustralia wana kipimo ambacho kila mwanafunzi wa kazi hii hukikariri mapema: usihamie mbele ya mwenzako mpaka umemwacha kwa urefu wa farasi wako na urefu mwingine mmoja juu yake. Uingereza hupanga makosa kwa ngazi. Chini kabisa ni uzembe, yaani mtu hakuangalia vya kutosha au alichelewa kumrekebisha farasi wake. Juu yake kuna uendeshaji usiofaa, na juu zaidi uendeshaji wa hatari. Adhabu ya kawaida ni kufungiwa siku kadhaa bila kupanda, na nchi nyingine, kama Hong Kong, huongeza na faini. Kwa kuwa mpanda farasi hulipwa kwa kila mbio anayopanda na kupata fungu la zawadi akishinda, siku za kufungiwa ni siku za mfuko mtupu. Na usidhani wakubwa husamehewa. Mwaka 2015, siku Michelle Payne alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda Melbourne Cup, Frankie Dettori aliyeshika nafasi ya pili aliondoka Australia akiwa amefungiwa mwezi mzima kwa uendeshaji wa kizembe katika mbio hizo hizo, pamoja na faini kwa matumizi ya mjeledi.

Sasa tuingie chumbani. Wasimamizi wamekaa, na mbele yao kuna skrini. Waliohusika wanaitwa, mara nyingi wakiwa bado na nguo za mbio, wengine na matope usoni, maana huenda wana mbio nyingine baada ya nusu saa. Picha huonyeshwa kutoka pembeni, kisha kutoka mbele. Picha ya pembeni ndiyo watazamaji wa televisheni waliyoiona, nayo hudanganya, kwani haionyeshi farasi aliyesogea kuelekea ndani kwa hatua moja au mbili. Picha ya kutoka mbele ndiyo hufichua. Hapo utaona mkono gani umevuta hatamu, kichwa cha mnyama kimegeukia wapi, na je, mpanda farasi alitazama begani kabla ya kuhama.

Utetezi nao una njia zake zinazojulikana. Wa kwanza atasema farasi aliegemea mwenyewe, nami nilijitahidi kumnyoosha. Wa pili atasema mwenzangu alijipenyeza kwenye nafasi isiyokuwepo. Wa tatu atasema mimi nilisukumwa na mtu wa tatu aliyekuwa nje yangu. Kila moja ya kauli hizo inaweza kuwa kweli, na hiyo ndiyo inayoifanya kazi ya wasimamizi kuwa ngumu kuliko watazamaji wanavyodhani. Farasi ni kiumbe mwenye hofu zake. Huogopa kivuli, hukimbia mjeledi upande mmoja na kuangukia upande mwingine, huchoka akaanza kuyumba. Swali la haki basi ni hili: mtu aliye juu yake alifanya nini alipouona mwili ule ukihama? Aliacha mjeledi na kushika hatamu kwa mikono miwili, au aliendelea kumhimiza kwa sababu utepe wa ushindi ulikuwa karibu?

Hapa kuna jambo linalonisumbua kwa muda mrefu. Mipango mingi ya adhabu hupima vitu viwili kwa pamoja: kiasi cha uzembe na ukubwa wa madhara. Wawili wanaweza kufanya kosa lile lile kwa kiasi kile kile. Mmoja humfanya mwenzake apoteze mwendo kidogo tu, mwingine huwaangusha watatu. Wa kwanza hufungiwa siku chache, wa pili siku nyingi. Naelewa kwa nini, maana hakuna jamii inayoweza kumtazama aliyevunjika mgongo na kusema madhara si kitu. Lakini nina hofu kwamba tukipima kwa madhara tunawafundisha wapanda farasi kuona uzembe usioangusha mtu kama sehemu ya kazi. Mia moja hukata njia kabla ya wakati na hakuna anayeanguka. Wa mia na moja huua. Wale mia moja walikuwa wameshamfundisha.

Mfano wa pili nitakaouleta ni wa uwanja wa Hexham, kaskazini mwa Uingereza, Septemba 1994. Ilikuwa mbio za kuruka vizuizi za farasi wasio na uzoefu. Adrian Maguire na Mick Fitzgerald, wote wawili wapanda farasi wa hadhi ya juu, walihamia ndani kwenye kona, wakambana farasi mmoja aliyekuwa ukingoni. Yule aliyebanwa akayumba na kumkatia njia Peter Caldwell aliyekuwa akija nyuma. Caldwell akaanguka, akaumia vibaya. Wasimamizi waliwaona Maguire na Fitzgerald kuwa na hatia ya uzembe na kuwafungia siku 3 kila mmoja. Caldwell alikwenda mahakamani kudai fidia. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ilimkatalia. Ilisema kwamba katika mchezo wa kasi namna hii kila mtu hukosea kwa nukta moja, na kosa la nukta moja, hata likiadhibiwa na wasimamizi, halimfanyi mtu awajibike kisheria. Ili awajibike, lazima kosa lake likaribie kufikia kutojali kabisa usalama wa wenzake.

Wekeni kesi hizo mbili kando kwa kando. Hexham, chumba cha wasimamizi kilisema kuna hatia, mahakama ikasema hakuna deni. Kempton, chumba kilisema hakuna hatia, mahakama ikasema deni lipo. Ya Hexham hainitatizi. Chumba kina kipimo chepesi na adhabu nyepesi, mahakama ina kipimo kizito na matokeo mazito. Ni sawa mtu afungiwe siku 3 kwa jambo ambalo halistahili kumfilisi. Ya Kempton ndiyo isiyoelezeka kwa njia hiyo. Kipimo chepesi kilikosa kukiona kile ambacho kipimo kizito kilikiona waziwazi.

Kilichobadilika ni nini? Mahakama ilikuwa na muda. Ilisikiliza wataalamu wa pande zote, ikaipitia picha ya kutoka mbele hatua kwa hatua, ikaona jinsi farasi wa Gibbons, Madame Butterfly, alivyoendelea kuelekezwa ndani kuelekea ukingo wakati Nellie Dean wa Tylicki alikuwa tayari upande ule. Gibbons alijitetea kwamba hakujua kama kuna mtu ndani yake. Jim Crowley, ambaye naye alianguka siku hiyo, alieleza kwamba alimsikia Tylicki akipaza sauti kumwita Gibbons kwa jina lake la utani. Zaidi ya yote, mahakama ilimsikiliza Tylicki. Siku ya ajali, wasimamizi walipokuwa wakikaa, alikuwa mikononi mwa madaktari.

Hapa ndipo ninaposimama, nami nitasema bila kuzunguka. Kikao cha uzembe kinachofanyika siku ya ajali kubwa humsikiliza kila mtu isipokuwa yule aliyeumia. Si kwa nia mbaya. Ni kwa sababu ya utaratibu wenyewe, ambao ulitungwa kwa ajili ya jambo jingine.

Jambo hilo jingine ni kumtangaza mshindi. Watu wameshika tiketi zao, wenye farasi wanasubiri zawadi, mbio inayofuata ina saa yake. Kwa hiyo kikao kimezoea kukimbizana na muda. Hata kule Dubai, ambako uwanja wa Meydan hauna kamari, vikao hivi vipo na kwa haraka ile ile, maana zawadi na heshima vinatosha kuleta msukumo. Uamuzi wa nani ameshinda unastahili haraka. Uamuzi wa nani amevunja mgongo wa nani haustahili.

Tazameni yaliyotokea Marekani tarehe 4 Mei 2019, kwenye Kentucky Derby. Maximum Security, akipandwa na Luis Saez, alivuka mstari wa kwanza. Kwenye kona ya mwisho alikuwa amehama kuelekea nje na kuwavuruga waliomfuata. Wapanda farasi wawili wakaweka pingamizi. Wasimamizi watatu walitazama picha kwa dakika 22 hivi mbele ya uwanja mzima uliojaa na mamilioni kwenye televisheni, kisha wakamshusha hadi nafasi ya 17. Ushindi ukaenda kwa Country House, ambaye wacheza kamari walimpa nafasi ya 65 kwa 1. Katika historia ya mbio zile hakuna mshindi mwingine aliyewahi kushushwa kwa kumziba mwenzake. Saez alieleza kwamba mnyama alishtushwa na kelele za umati. Baada ya siku chache alifungiwa siku 15. Mwenye farasi, Gary West, alikwenda mahakamani, na hadi Agosti 2020 mahakama za shirikisho zilikuwa zimeshamjibu kwamba uamuzi wa wasimamizi juu ya faulo uwanjani ni wa mwisho, hauna rufaa chini ya kanuni za jimbo.

Angalieni mpangilio: farasi alihukumiwa kwanza, mtu akahukumiwa baadaye. Kentucky walitenganisha maswali mawili, na kwa hilo tu nawapongeza. Walitumia dakika kwa swali la mshindi, na siku kadhaa kwa swali la hatia.

Kwingineko duniani maswali haya yametenganishwa zaidi. Nchi nyingi sasa hufuata kanuni kwamba farasi atashushwa tu ikiwa aliyezibwa angemshinda kama asingezibwa. Japani waliingia kwenye kanuni hiyo mwaka 2013, baada ya maumivu ya 2010 pale Buena Vista alipokuwa wa kwanza kwenye Japan Cup kisha akashushwa na kuwekwa nyuma ya Rose Kingdom. Ufaransa walifuata mwaka 2018. Ni kanuni yenye mantiki: mbio ziende kwa farasi bora. Lakini ina shimo ambalo watetezi wake hulipita haraka mno. Mpanda farasi anayejua kwamba kombe litabaki kwa tajiri wake hata akimkatia mwenzake njia, na kwamba yeye atalipa kwa siku chache tu, ana hesabu rahisi ya kufanya. Kadiri kanuni hii inavyolinda ushindi, ndivyo mzigo wote wa usalama unavyohamia kwenye kikao cha nidhamu. Nchi iliyoichagua haina ruhusa ya kuwa na kikao dhaifu.

Kuna la kusema pia juu ya wanaokaa kwenye viti vile. Jockey Club ya Uingereza ilianzishwa katikati ya karne ya 18 na mabwana waliomiliki farasi, nao ndio waliotunga kanuni, wakazisimamia na kuamua kesi zake. Kesi ya nyani hakimu ngedere. Ilichukua zaidi ya miaka 250 hadi, mwaka 2007, kazi hiyo ikawa mikononi mwa mamlaka iliyosimama peke yake, British Horseracing Authority. Victoria, Australia, tangu 2019 rufaa za mbio husikilizwa na baraza lililo nje ya chama kinachoendesha mbio zenyewe. Naiona hatua ya Victoria kuwa bora zaidi. Msimamizi anayekutana na wapanda farasi wale wale kila wiki, anayejua kwamba fulani ana watoto watatu na fulani ni mtu wa maneno mazuri, ni binadamu. Anaweza kuwa mwadilifu kabisa na bado akaona bahati mbaya pale ambapo mgeni angeona uzembe. Tunasema ajali haina kinga, nasi huisema kwa huruma. Ndani ya chumba kile huruma hiyo humwendea aliyepo.

Baadhi yenu mtaniuliza kuhusu muda wa adhabu kuanza. Tarehe 30 Septemba 2022 pale Saint-Cloud, Christophe Soumillon alimpiga kiwiko Rossa Ryan katikati ya mbio, Ryan akaanguka, kwa bahati akainuka salama. Soumillon alifungiwa siku 60. Lakini adhabu ilianza tarehe 14 Oktoba, kwa hiyo siku mbili baada ya kiwiko kile alipanda katika Prix de l'Arc de Triomphe na kushika nafasi ya pili. Kuchelewesha adhabu kuna sababu njema kwenye makosa madogo: mtu amalize ahadi zake, apate nafasi ya rufaa. Kwa tendo lile, ambalo halikuwa uzembe hata kidogo, kuchelewesha ni aibu. Anayemwangusha mwenzake kwa mkono wake asipande kesho yake.

Nchini Kenya mbio zipo Ngong, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 1954, chini ya Jockey Club of Kenya, na desturi yake ilitoka kwa Waingereza pamoja na maneno, mavazi na viti vya wasimamizi. Ni mchezo mdogo hapa ukilinganisha na Melbourne au Hong Kong. Udogo huo ni faida. Chama kikubwa hubadilisha kanuni kwa miaka, chama kidogo kinaweza kuibadilisha katika mkutano mmoja. Na kijana anayepanda Ngong ana mgongo ule ule aliokuwa nao Tylicki.

Ninachopendekeza ni kifupi. Mpanda farasi yeyote akipelekwa hospitali kutoka uwanjani, uamuzi wa siku hiyo uhusu nafasi za farasi tu. Swali la hatia ya mtu libaki wazi, picha zote zihifadhiwe, na kikao kipya kiitishwe pale madaktari watakaposema majeruhi anaweza kuzungumza. Na kama hataweza tena kuzungumza, mtu ateuliwe kusimama kwa niaba yake na kuuliza maswali. Kikao hicho kiwe na angalau mjumbe mmoja asiyemiliki farasi wala kufanya kazi kwenye mbio. Sababu za uamuzi ziandikwe na kutolewa kwa umma, ili mpanda farasi mwingine aweze kusoma hasa ni hatua gani kwenye kona ile iliyoitwa uzembe, na ni kwa nini.

Nimeshaelezwa kwamba hili litawaacha watuhumiwa wakining'inia kwa miezi. Ni kweli, na ni mzigo mzito kwa mtu anayejua moyoni kwamba hakukosea. Basi aruhusiwe kuendelea kupanda wakati akisubiri, isipokuwa picha zikionyesha wazi kwamba tendo lilikuwa la hatari au la makusudi. Akionekana hana hatia, jina lake litasafishwa na watu waliomsikiliza aliyeumia, na usafi wa namna hiyo utamfaa kuliko ule unaotolewa kabla gari la wagonjwa halijafika hospitali.